Nilipiga Kasia kwa Bendera Nyingine

Kwa miaka kumi na moja nilimficha mama kwamba mimi si raia wa Tanzania tena. Naiandika sentensi hiyo mwanzoni kwa sababu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kuitamka, na kwa sababu mengine yote niliyoyafanya katika miaka hiyo, medali moja ya shaba ikiwemo, niliyafanya huku nikiwa nimeibeba moyoni.

Nilizaliwa Dodoma, mtaa wa Chang'ombe, katika nyumba ambayo upepo wa Julai uliingiza vumbi hata madirisha yakiwa yamefungwa. Maji tuliyoyajua yalikuwa ya ndoo, na kila ndoo ilikuwa na mtu aliyeisotea kwenye foleni. Maji mengi niliyaona mara ya kwanza Mtera, nikiwa na miaka tisa, basi liliposimama ili abiria wanunue samaki. Nilitazama bwawa lile kwa muda, kisha nikamuuliza baba ni nani aliyeacha bomba wazi. Baba alicheka mpaka Iringa. Hakuna aliyetuona siku hiyo ambaye angedhani kwamba mtoto yule angekuja kula mkate wake juu ya maji.

Mama hakuamini mashine ya kukoboa. Alisema inakula ladha ya uwele na kutuachia makapi yenye jina la unga. Kwa hiyo jioni, baada ya shule, mimi na dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, tulitwanga uani: kinu kimoja, michi miwili. Kazi hiyo ina adabu yake. Mwenzako anaposhusha, wewe unapandisha. Anapoinua, wewe unaingia. Hukimbilii nafasi yake wala huichelewi yako. Michi ikigongana, mama alipaza sauti kutoka jikoni bila hata kuchungulia: "Mnatwanga au mnapigana?" Ukiwa na miaka kumi na mbili huhesabu tena. Mwili unajua wenyewe kwamba pale mwingine anapoingia, wewe unapaswa kutoka.

Nilipofika miaka ishirini nilipata ufadhili wa kusomea uhandisi wa maji katika nchi ya baridi ambayo hapa nitaiita nchi ya pili. Mwaka wa kwanza, mwanamke mmoja mwenye filimbi shingoni alinisimamisha kwenye korido. Alikuwa kocha wa timu ya makasia ya chuo, na alinitazama kuanzia miguuni mpaka juu kama mtu anayepima mbao.

"Umewahi kupiga makasia?"

"Ninatoka Dodoma."

"Hilo ni ndiyo au hapana?"

Sikuwa na marafiki, na mtoni kulikuwa na watu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli iliyonipeleka. Mengine niliyowahi kuwaambia waandishi wa habari niliyatunga baadaye.

Mashua ya mashindano ni nyembamba mno. Ukikaa ndani, nyonga zako karibu zinaugusa ubavu wake huku na huku, na watu wanne mnatazama nyuma, mnakotoka, si mnakokwenda. Kila mmoja anashika kasia moja. Makasia yote manne yanapaswa kuingia majini kwa wakati mmoja na kutoka kwa wakati mmoja. Nilielezwa hivyo, nikaelewa, nikakubali kwa kichwa. Tulipoanza, wenzangu watatu walizamisha makasia, nami nikainua langu. Walipoinua, nikazamisha. Mashua ikayumba kama punda aliyeumwa na nzi, na mshikio wa kasia langu ukamgonga mgongoni msichana wa mbele yangu, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

"Mgongo wangu si ngoma!" alipiga kelele.

Niliomba radhi, tukaanza upya, nikamgonga upya. Wiki nzima ilikwenda hivyo. Kocha alidhani sisikii, kisha akadhani naogopa maji, kisha akadhani nina kiburi. Mwisho alinikalisha ukingoni akaniambia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali kwamba huenda mchezo huu si wangu.

Jioni hiyo nilimpigia dada simu, nikamweleza. Akaanza kucheka, kicheko cha kuishiwa pumzi, mpaka nikamwambia salio langu litaisha.

"Mdogo wangu, wewe unatwanga!"

"Natwanga nini?"

"Unamwachia mwenzako nafasi. Mwambie huyo kocha wako wewe umelelewa vizuri, wenzako ndio hawana adabu. Wote wanaingia kinuni mara moja!"

Kesho yake nilichukua fagio mbili za chumba cha kuhifadhia mashua, moja nikampa kocha, na katikati yetu nikaweka ndoo. Nilimwonyesha. Alitazama mikono yangu, akatazama ndoo, akaniambia nirudie. Hakucheka. Aliuliza swali ambalo naamini ndilo lililonipa taaluma nzima: "Sasa ndani ya mashua, ni nani unayepokezana naye?"

Jibu lilinijia baada ya majuma mawili, tukiwa katikati ya mto. Niliyekuwa napokezana naye hakuwa msichana wa mbele yangu. Yalikuwa maji. Sisi wanne tulikuwa mchi mmoja, tukiingia pamoja. Kisha tukitoka, ilikuwa zamu ya maji kufanya kazi yao, kuichukua mashua na kuipeleka, na sisi kazi yetu ilikuwa kutoyaharakisha. Wapiga makasia wengi wana nguvu ya kuvuta. Wachache wana subira ya kurudi. Mimi nilifundishwa subira hiyo uani kwetu, kwa kelele za mama, na ndiyo iliyonitoa timu ya chuo ikanipeleka timu ya mkoa, na baada ya shahada ya pili na miaka kadhaa ya kuajiriwa, ikanifikisha kwenye mlango wa timu ya taifa.

Mlango huo ulikuwa na sharti. Anayevaa jezi ya taifa lazima awe na hati ya kusafiria ya taifa hilo. Na sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kuchukua moja ni kurudisha nyingine.

Ningependa kuandika kwamba niliteseka kuamua. Sikuteseka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, miguu yangu ilikuwa katika ubora wake, na nilitaka kwenda kasi. Nilijaza fomu wakati wa chakula cha mchana. Nilikula kiapo pamoja na watu wengine ukumbini, tukapewa keki. Siku niliyoirudisha hati yangu ya Tanzania dirishani, ofisa aliipokea kwa mikono miwili, nami nikaona haya kwa sababu mimi nilikuwa nimeitoa kwa mmoja.

Mateso yalianza nilipofikiria kumwambia mama. Baba alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Mama alikuwa amerudi kijijini kwao, wilaya ya Chemba, kulima uwele na alizeti, na kila nilipompigia aliuliza jambo lile lile: "Unarudi lini kwenu?" Neno hilo, kwenu, nilishindwa kulipita. Nilimpigia dada.

"Usimwambie mama," nilimsihi.

"Na akiuliza, mimi nimwambie nini?"

"Tafuta chochote."

Alivuta pumzi. "Haya. Lakini ujue mimi ndiye niliye karibu naye. Wewe uko mbali."

Nilijua. Hata hivyo niliomba, naye alikubali kwa sababu mimi ni mdogo wake.

Mwaka uliofuata tulionyeshwa kwenye televisheni. Mama alikuwa mjini kwa dada, na jirani mwenye duka Chang'ombe aliwakaribisha wote watazame. Mashindano yenyewe hayafiki dakika saba. Dada alinisimulia baadaye kwamba mama alitazama bila kupepesa, kisha akauliza, mbele ya watu: "Mbona nguo yake si ya rangi zetu?"

"Ni sare ya chuo, mama," dada alijibu.

"Na ile bendera?"

"Ya chuo."

Basi kwa miaka yote niliyoichezea nchi ya pili, mama aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba binti yake yumo katika timu ya chuo, na kwamba chuo hicho ni kikubwa sana, kina hata wimbo wake ambao watu husimama unapopigwa. Dada alipokuwa akinisimulia mambo haya tulicheka pamoja. Nakiri hilo. Tulicheka mara nyingi, na kila mara aliacha kucheka kabla yangu.

Taaluma yangu haikuwa ndefu. Tulipata shaba mara moja. Mara mbili tulimaliza nafasi ya nne, ambayo ni mahali pa upweke kwa sababu hakuna anayekuja kukupongeza wala kukupa pole. Vidole vyangu viliota sugu ambazo hazijaondoka. Nikiwa na miaka thelathini na tano, uti wa mgongo ulikataa kukunjuka asubuhi moja, na daktari akaniambia kwa maneno machache kwamba imetosha. Nilirudi kwenye uhandisi. Mwaka jana nilipata mkataba wa kazi ya maji Dodoma, nikapanga nyumba ndogo mjini nilikozaliwa, na nikapewa kibali cha kuishi ambacho kina tarehe ya mwisho. Nilikiweka ndani ya begi, chini kabisa, mama asikione.

Kisha, wakati wa palizi, wapimaji wa ardhi wakafika kijijini. Kila mwenye shamba angepimiwa na kuandikiwa hati ya kimila. Mama alinipigia mwenyewe, kwa sauti ya mtu mwenye sherehe. Alikuwa ameligawa shamba mafungu matatu: lake, la dada na langu, na alitaka tuwepo wote Jumamosi.

Dada alinipigia dakika mbili baadaye. "Sema wewe, kabla fomu haijasema."

"Nitasema."

Nilichukua likizo, nikafika Alhamisi jioni. Mama alinikumbatia, akaniambia nimekonda. Sikusema. Ijumaa alinizungusha mipaka yote, mnyaa kwa mnyaa, miti iliyopandwa kutenga mashamba, akinionyesha fungu langu lilipoanzia, penye udongo mwekundu unaoshika maji. "Hapa mvua ikipita, kwako inabaki," alisema. Sikusema. Aliyewahi kuanzia mstarini mbele ya maelfu ya watu alishindwa kumwambia mwanamke mmoja sentensi moja kati ya mashina ya uwele.

Jumamosi walikuja vijana wawili wa upimaji, mzee mmoja wa kamati ya kijiji, na majirani wa kushuhudia mipaka. Walipima la mama, wakapima la dada. Walipofika kwangu, karani alishika fomu.

"Dada, jina kamili?"

Nikamtajia.

"Uraia, naandika Mtanzania."

Dada alitazama chini. Nilisema, "Hapana. Si raia."

"Si raia wa wapi?" mama aliuliza, akitabasamu, kama anayesubiri mwisho wa mzaha.

"Wa hapa, mama. Nilibadilisha. Ili nicheze."

Jirani mmoja aliangua kicheko. "Huyu? Huyu mimi nilimbeba mgongoni! Karani, andika, usipoteze muda."

Karani alikuwa kijana mwenye heshima. Alifunga kalamu yake. "Mama, samahani sana. Ardhi ya kijiji hatuwezi kumwandikia asiye raia. Kama angekuwa na hati ya zamani..."

"Niliirudisha," nilisema.

"Lini?" Aliyeuliza ni mama.

"Miaka kumi na moja iliyopita."

Mama hakuniangalia mimi. Alimwangalia dada, kwa muda mrefu, na dada hakuinua uso. Kisha akamwambia karani: "Andika jina la dada yake," akajifunga kanga vizuri na kurudi nyumbani peke yake, akipita kando ya mashamba ya watu.

Jioni ile nilijiandaa kwa maneno makali. Sikuyapata. Nilipoingia ndani, nilikuta kiti kimevutwa mezani na kutandikwa kitambaa. Mama alininawisha mikono kwa birika, akimimina taratibu. Aliniwekea chakula katika sahani ya kigae inayoshushwa padri anapokuja. Nilipoinuka kuosha vyombo, alinizuia kwa adabu.

"Hapana. Mgeni haoshi vyombo."

"Mama."

"Karibu sana. Umechoka na safari."

Siku mbili zilikwenda hivyo. Jumapili tulienda ibadani, akanitambulisha kwa watu kama mgeni wetu kutoka nje. Jumatatu niliomba ruhusa ya siku moja zaidi kazini. Niliamka mapema nichote maji, nikakuta yamechotwa na beseni langu limejazwa, sabuni mpya juu yake. Aliniuliza kama nililala vizuri, kama kitanda hakikuniumiza, kama chakula cha huku nakiweza. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nimepata maumivu ya mgongo ambayo yaliniangusha sakafuni. Hayakunifanya nilie kama sahani ile ya kigae.

Jumatatu usiku nilimfuata jikoni. Dada alikuwepo, akichambua mlenda.

"Mama, nigombeze."

"Mgeni hagombezwi."

"Basi niulize."

Alisogeza kuni. Alipozungumza, alizungumza lugha ya kwao, si Kiswahili, na nikajua walau hasemi na mgeni. "Mambo ya nchi siyajui. Watu huhama, hata babu yako alihama na ng'ombe. Ninachokijua ni kwamba nina mtoto mkubwa ambaye hakuwahi kunidanganya, na wewe umemfanya mwongo ndani ya nyumba yangu. Miaka kumi na moja. Kila nilipomuuliza habari zako alikuwa anajikaza. Nilidhani anakuonea wivu."

Nilidhani siri yangu ilikuwa kati yangu na taifa, na kumbe ilikuwa imekaa muda wote kati ya mama na mtu asiyehusika. Nilimgeukia dada nikamwomba radhi, kwa maneno kamili, kama inavyostahili kuombwa.

"Kuongopa nimezoea," alisema dada, macho kwenye majani. "Nina watoto watatu na mume." Lakini sauti yake ilikatika mwishoni, na mama akamwekea mkono begani.

Asubuhi ya Jumanne nilifungua mlango wa chumba nikakuta jembe limeegemezwa ukutani. Mpini wake ulikuwa umefutwa. Mama alikuwa uani, tayari na lake begani.

"Siku mbili zimeisha," alisema. Hakuna mtu katika nchi hii anayehitaji kumaliziwa methali hiyo.

Tulikwenda katika fungu lenye udongo mwekundu, ambalo sasa kwenye karatasi ni la dada. Dada alitutangulia, akasimama mpakani na kuniwekea masharti kwa sauti ya mwenye shamba: nisikate miche, nisiache magugu ya sangari, na nikitaka kupanda kitu mwakani, nimwombe. Nilikubali yote. Mama alinipa mstari wa kati.

Tulipalilia bila maneno mpaka jua likawa kali. Kisha mama, bila kuinua mgongo, aliuliza: "Wale wasichana wengine watatu kwenye mtumbwi. Mama zao walikuwa wanajua?"

"Walikuwa wanajua."

"Walikuja kutazama?"

"Walikuwa ukingoni. Walikuja na chai kwenye chupa."

Alipiga jembe mara kadhaa, akang'oa gugu na kulitikisa udongo.

"Mimi ningekuja na nini huko," alisema. Halikuwa swali, lakini nilimjibu kwamba angekuja na karanga, na kwamba wangezimaliza zote.

Akasogea mbele shina moja, mawili. "Jambo lingine ukiwa nalo, utaniambia."

"Sina jingine, mama. Nimeshastaafu."

"Hutalikosa. Hakuna anayeishi bila jingine." Alinyoosha mgongo sasa, akashika kiuno, akautazama mstari wangu tangu nilikoanzia. "Na hapo nyuma umeacha sangari. Rudi."

Nikarudi.